Filta ya hewa kwa gari yenye mbio: ipi ununue Unguja na Pemba, na ipi uiache dukani

Jibu kwanza. Kama unaendesha Impreza WRX, Forester ya tabo (tabo ni pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), Altezza, Mark X au Golf GTI, na injini yake bado ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, filta ya kununua ni ya karatasi, ya mtengenezaji wa gari au ya kampuni ya filta inayojulikana, na ikae ndani ya kasha lake la asili. Najua silo jibu ulilolitaka. Mwenye gari ya tabo huingia duka la spea na picha ya filta nyekundu ya umbo la koni kwenye simu, na mwenye duka hana sababu ya kumkatisha tamaa. Hapa chini nimezipanga aina zinazopatikana kuanzia ninayoipa nafasi ya kwanza, na kila moja nimeitia kwenye mizani ya kwetu: vumbi, hewa ya chumvi, mvua za masika, na umbali wa kuifuata spea.

Kabla ya kupanga, hesabu kidogo. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta kama lita 6,000 za hewa katika dakika hiyo, kwa kuwa silinda zote hujaa mara moja kwa kila mizunguko miwili. Tabo ikisukuma baa 1 ya shinikizo juu ya hewa ya kawaida, zidisha karibu mara mbili. Kwa upande wa mafuta, lita 1 ya petroli huungua na takriban lita 9,000 za hewa. Mtu anayetoka mjini kwenda Nungwi, kilomita 60 hivi, gari ikiwa inakula lita 1 kwa kilomita 10, amepitisha kwenye filta yake lita 54,000 za hewa, na safari ya kurudi bado.

Hewa hiyo si safi. Upande wa mjini na mashamba ya kati kuna vumbi jekundu la kinongo. Ukishika njia za ndani za Paje na Jambiani unaingia kwenye vumbi jeupe la jiwe la matumbawe, laini kama unga wa sembe, linaloingia hadi ndani ya droo la dashibodi. Wapo wanaosema vumbi la matumbawe halina madhara kwa sababu ni chokaa. Ni kweli chokaa ni laini kuliko kwatzi, zile punje ngumu za mchanga, lakini barabara zetu hazina vumbi la aina moja: lori la mchanga wa kujengea limepita, kifusi kimemwagwa, upepo umechanganya. Punje ngumu ndizo zinazokwaruza kuta za silinda na ringi za pistoni. Kwenye gari ya tabo kuna jambo jingine: mapanga ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo hata punje ndogo huacha alama kwenye ncha zake.

Filta hupimwa maabara kwa kiwango kinachoitwa ISO 5011, na hapo huangaliwa mambo matatu: inazuia vumbi kwa kiasi gani, inabeba vumbi kiasi gani kabla ya kuziba, na inabana hewa kiasi gani. Matatu haya huvutana. Ukifungua nafasi hewa ipite kirahisi, mara nyingi unafungua njia ya vumbi pia, au filta inaziba mapema. Muuzaji akikwambia yake "inapitisha hewa zaidi", muulize na hayo mawili mengine.

Nafasi ya kwanza: karatasi ya mtengenezaji wa gari

Karatasi nzuri iliyokunjwa huzuia zaidi ya asilimia 99 ya vumbi la majaribio, na kadiri inavyochafuka kidogo ndivyo inavyochuja vizuri zaidi, kwa sababu vumbi lililokwisha kukaa juu yake husaidia kulikamata linalofuata. Haihitaji oili, haihitaji kukaushwa, na fundi yeyote wa Mwanakwerekwe au Chake anaijua.

Hoja ya nguvu nayo tuimalize hapa hapa. Filta safi ya kiwandani, kwenye injini isiyoguswa, hubana hewa kidogo mno. Kwenye gari ya tabo kompyuta ya injini inalenga shinikizo maalumu, kwa hiyo hata ukipunguza mbano mdogo wa filta, tabo itafika pale pale ilipoambiwa ifike. Ongezeko la nguvu ni dogo kiasi kwamba ukipima gari moja mara mbili na filta ile ile unaweza kuona tofauti kama hiyo. Mwenye Impreza STI ya nguvu farasi 280 hatazihisi farasi mbili za ziada. Atakachokisikia ni sauti, nayo nitaifikia kwenye koni.

Unaponunua, jina la gari halitoshi. "Forester" ni vizazi kadhaa, yenye tabo na isiyo na tabo, na kasha la filta hubadilika. Chukua namba ya chesisi, au bora zaidi, chomoa filta ya zamani uende nayo mkononi. Namba za filta za hewa za Toyota huanza na 17801, za Subaru na Nissan huanza na 16546, za Honda 17220. Ukipewa boksi la Toyota ambalo namba yake haianzi hivyo, uliza ni la nini.

Feki zipo, na filta ya hewa ni kitu rahisi kughushi kwa sababu mnunuzi anaangalia boksi tu. Fungua boksi pale pale dukani, mwenye duka asione haya na wewe usione haya. Angalia raba ya pembeni: iwe laini, iwe na unene mmoja kuzunguka pande zote, isiwe na mapovu wala pembe iliyomomonyoka. Mikunjo iwe imenyooka na nafasi zake ziwe sawa. Ukikandamiza kidogo kwa kidole isilale. Washa taa ya simu upande mmoja na utazame upande wa pili: mwanga utapenya kwa ufifi sawasawa, na ukiona nukta ya mwanga mkali, hilo ni tundu. Mwisho ilinganishe na ya zamani kwa kuzipandisha moja juu ya nyingine. Milimita mbili za upungufu upande mmoja zinatosha kuharibu kazi yote.

Nafasi ya pili: karatasi ya kampuni za filta

Sakura ya Indonesia, VIC ya Japani, Mann na Mahle za Ujerumani. Hizi ni kampuni ambazo kazi yao ni filta, na baadhi yao huzitengenezea hata kampuni za magari. Kwa gari inayotumika kila siku, inayopeleka watoto skuli na kwenda Bububu kila jioni, sioni ubaya wowote. Tofauti kubwa utaikuta kwenye raba na kwenye uimara wa fremu, kwa hiyo ukaguzi ni ule ule. Nimeziweka chini ya orijino kwa sababu hiyo tu. Bei ikikubana, nunua hii na uibadilishe mapema, kuliko kununua orijino na kuikalia mpaka igeuke rangi ya tope.

Zile zisizo na jina, boksi jeupe limeandikwa "filter" na picha ya gari isiyo yako, ziache.

Nafasi ya tatu: sintetiki kavu ya kuoshwa

Kama unataka filta ya kudumu ya kuosha, anzia hapa. AEM hutengeneza wanazoziita DryFlow, aFe wana Pro Dry S. Ni nyuzi za sintetiki zisizopakwa oili, zinaoshwa kwa maji na sabuni yake, zinakaushwa, zinarudishwa. Kwa mtu anayeishi Makunduchi au Michamvi, anayepita vumbi kila siku, zina mantiki: vumbi likijaa unaosha, bila kusubiri boti ilete spea.

Tabu ni kuzipata. Utaagiza kutoka nje, labda kupitia Dubai au kwa mtu anayekuja, na ukikosea namba hakuna wa kumrudishia. Chagua ile bapa inayoingia kwenye kasha la asili, usichague koni. Na ukumbuke kwamba msimu wa mvua kukauka kunachukua muda. Filta ikirudishwa na unyevu, vumbi la mwanzo linageuka tope juu yake. Uwe na ya karatasi pembeni ya kutumia hiyo siku ya kuosha.

Nafasi ya nne: pamba na oili

Hii ndiyo maarufu kuliko zote. K&N iliyoanzia California mwaka 1969 ndiyo jina lake kubwa, BMC wa Italia nao wana yao. Ni tabaka za kitambaa cha pamba katikati ya wavu, zimelowekwa oili maalumu inayonasa vumbi. Hewa hupita vizuri, na watengenezaji huahidi maisha marefu sana ukiitunza.

Kinachonifanya niishushe hadi ya nne ni vumbi letu na mikono yetu. K&N wenyewe hutaja uchujaji wa asilimia 96 hadi 99. Kwa kusikia tu, tuseme 97 kwa pamba na 99.5 kwa karatasi, ni namba majirani. Zigeuze: katika kila gramu 100 za vumbi, ya kwanza inapitisha gramu 3 na ya pili nusu gramu. Ni mara sita. Ulaya kwenye lami safi tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Kwenye njia ya kifusi, nyuma ya gari ya shamba iliyojaa abiria na mizigo juu, ina uzito.

Halafu oili. Ikizidi, inavutwa na hewa na kwenda kukaa kwenye waya mwembamba wa sensa ya hewa, ile mafundi wengi wanayoiita eaflo. Waya ukishapakaa, sensa inasoma vibaya, kompyuta inatoa mafuta kwa kipimo kisicho sahihi, na taa ya cheki injini inawaka. Kwenye injini ya tabo, mafuta yakipungua wakati tabo inasukuma, joto la ndani ya silinda linapanda, na hapo ndipo pistoni zinapokatika. Utakuta kijana ameinyanyua filta yake inachuruzika, anamuuliza fundi mzee: "Ami, oili imeshiba hii?" Na mzee: "Imeshiba, mwanangu, mpaka na sensa yako itashiba."

Oili ikiwa kidogo, vumbi linapita. Watu hutumia oili ya injini, oili ya cherehani, kuna mtu atafikiri na mafuta ya nazi. Zote hapana. Inatakiwa oili yake na dawa yake ya kusafishia, na kopo la kupuliza si kila msafirishaji wa ndege atalipokea kwa kuwa ni kitu cha kuwaka. Kwa hiyo ukinunua filta, nunua na seti ya kusafishia siku ile ile, na uhesabu bei ya vyote viwili. Kisha gawanya jumla hiyo kwa bei ya filta moja ya karatasi. Jibu ni idadi ya filta za karatasi ambazo ungenunua kwa fedha hizo. Kwa wengi ni miaka kadhaa ya kubadilisha bila kuosha chochote.

Nani ainunue? Mwenye gari iliyokwisha kuongezwa nguvu, tabo kubwa zaidi, programu ya kompyuta imebadilishwa na mtu mwenye kifaa cha kusoma mchanganyiko wa mafuta na hewa. Huyo anavuta hewa kuliko filta ya kiwandani ilivyokusudiwa, na filta ya pamba bapa kwenye kasha la asili itamfaa. Pia si gari zote zina hiyo sensa ya waya: 1JZ-GTE, injini ya tabo ya Mark II na Chaser za JZX100, husoma shinikizo, kwa hiyo hofu ya oili kwenye eaflo haiwahusu wenye hizo. Hofu ya vumbi inabaki.

Nafasi ya tano: sponji

Baadhi ya Subaru na Mark II hutua bandarini kutoka Japani zikiwa zimeshavikwa ule "uyoga" wa HKS, kampuni ya Kijapani ya vifaa vya mbio, sponji ya rangi juu ya fremu. Ukiinunua gari ya namna hiyo, jambo la kwanza ni kuibonyeza sponji kwa vidole. Sponji iliyozeeka kwa joto la injini huwa kavu na kumomonyoka, na vipande vyake vinaelekea moja kwa moja kwenye tabo. Ya HKS haioshwi, inabadilishwa. Ukikuta kasha la asili lilitupwa Japani, litafute la mtumba kabla ya kutafuta sponji mpya.

Nafasi ya sita: koni ya wazi

Tuseme ukweli, koni inauzwa kwa masikio. Ule mvumo wa hewa ukikanyaga, na mluzi wa tabo unaosikika mpaka barazani, hauna mbadala, na sitamlaumu anayeupenda. Lakini kama kifaa cha kuingizia hewa, hapa kwetu koni ina makosa matatu.

La kwanza ni joto. Kasha la asili huvuta hewa kutoka mbele ya gari. Koni iliyokaa wazi chini ya boneti inavuta hewa ya injini. Nje ni nyuzi 31, wewe umekwama kwenye foleni ya Darajani saa saba mchana, na ndani ya boneti nyuzi 60 si ajabu. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 31, na hewa pungufu ni nguvu pungufu. Altezza RS200, isiyo na tabo, ndiyo huumia wazi wazi. Kwenye gari ya tabo intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, husaidia, lakini imeongezewa kazi isiyo yake. Gari ikishachanganya mwendo joto la boneti hushuka, sawa, ila barabara zetu ngapi zinakuruhusu kuchanganya kwa muda mrefu?

La pili ni usomaji wa sensa. Kwenye Impreza nyingi sensa ya hewa imefungwa kwenye kasha au palepale inapotokea, na kompyuta imefundishwa umbo la njia ile. Ukibadilisha kipenyo cha bomba au hewa ikaanza kupita kwa mzunguko tofauti, sensa inadanganyika bila oili yoyote kuhusika. Kufunga koni bila kurekebisha programu ni kubahatisha na injini.

La tatu ni maji, na hili nalitilia mkazo kuliko yote. Kuna seti za koni zenye bomba refu linaloshusha filta hadi nyuma ya bampa, ati ivute hewa baridi. Inavuta baridi kweli. Lakini Aprili na Mei, mvua za masika zikijaza maji mabondeni, koni hiyo iko kimo cha dimbwi. Ikizama, injini inakunywa maji, na maji hayabanwi kama hewa: konrodi, mkono unaoshika pistoni, inapinda au inatoboa bloku. Hakuna filta duniani yenye thamani ya injini ya EJ20 ya Subaru.

Kama umeshaamua na hakuna wa kukugeuza, basi angalau iwe koni kavu, ijengewe kasha la kuitenga na injini, ibaki juu, na programu ya kompyuta ya gari irekebishwe. Vibanio viwe vya chuma kisichoshika kutu. Hewa ya chumvi hula vibanio vya bei rahisi, na bomba likilegea unavuta vumbi bila filta.

Ya mwisho kabisa: ya mtumba, na iliyopulizwa

Filta ya mtumba usinunue hata ikiwa na chapa ya kampuni unayoipenda. Hujui imevuta nini.

Na ile desturi ya gereji ya kupuliza filta ya karatasi kwa upepo wa kompresa kila gari inapokuja kubadilishwa oili, iache pia. Upepo wa nguvu unapasua nyuzi za karatasi na kuacha matundu usiyoyaona kwa macho. Filta inarudi inang'aa, mwenye gari anafurahi, na vumbi linapita. Igonge taratibu kwenye kiganja ili mchanga mkubwa na majani vidondoke, basi.

Ubadilishe lini? Vitabu vya gari nyingi za Kijapani hutaja kilomita 40,000 hivi kwa barabara za kawaida na kukutaka ufupishe kwenye vumbi. Kwa anayekaa mjini na kutembea kwenye lami, nusu ya hapo ni sawa. Kwa anayeingia njia za uwandani kila siku, fungua kasha kila unapobadilisha oili na uamue kwa macho. Filta ya karatasi iliyolowa hairudishwi.

Siku ya kufunga, futa ndani ya kasha kwa kitambaa kibichi kabla ya kuweka mpya, hakikisha vibanio vyote vimeshika na raba haikukunjwa pembeni. Baada ya wiki chache, fungua hozi iliyo baada ya filta na upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi, filta haikai vizuri au ni mbovu, hata kama boksi lake lilikuwa na hologramu.

Kwa wa Pemba nina la ziada. Filta ya Toyota ya kawaida utaipata Chake au Wete, lakini ya Subaru ya tabo au Golf mara nyingi inasubiri mtu avuke kwenda Unguja, au iagizwe Kariakoo. Ukiagiza, agiza mbili, uzikague zote mbili zinapofika, na ile ya akiba ikae ndani ya mfuko wake wa plastiki juu ya kabati, isiwekwe kwenye buti pamoja na jeki na kikapu cha dagaa.